Kidole Kidogo cha Kushoto

Mashine ilikataa vidole vyote vya Masizi.

Ilianza na gumba la kulia. Karani wa bima alimwambia abonyeze kwenye kioo kidogo, akabonyeza, taa ikawaka nyekundu. Akaambiwa apanguse kidole kwenye shati, akapangusa, nyekundu tena. Shahada, nyekundu. Cha kati, nyekundu. Karani alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi shingoni, na alikuwa na subira kuliko watu waliokuwa wakiguna kwenye foleni. Alimfuta vidole kwa pamba yenye spiriti, kimoja kimoja, kama mama anayemfuta mtoto uji.

"Tena, baba. Usikandamize sana. Haya, sasa kandamiza."

Nyekundu.

Walipofika kidole cha kumi, kidogo cha mkono wa kushoto, taa ilisita. Ikawaka njano.

"Hiki kinataka kusema kitu," karani akasema, akasogelea skrini. "Mashine imeona mistari, ila hafifu. Inataka sitini kwa mia. Wewe umeipa arobaini na moja."

"Si uniongezee hizo zilizobaki, dada?"

"Ingekuwa zinaongezwa kwa mkono, ningeshawaongezea wengi." Aliushika mkono wa Masizi, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole zilikuwa laini na zinang'aa, kama maharage yaliyolowekwa. "Hivi vidole umevipeleka wapi, baba?"

"Vipo kazini."

Nyuma yake, kwenye benchi, mkewe alikuwa ameketi ameshika kadi ya bima kwa mikono miwili. Alikuwa amevua ndara kwa sababu miguu haikuwa ikiingia tena. Figo zake zilikufa mwaka juzi. Tangu hapo damu yake ilioshwa kwa mashine Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne kila mara, na daktari alikuwa amewaeleza bila kuzungusha maneno: akiruka mara moja atavimba, akiruka mara mbili maji yatapanda kifuani, na hapo mimi sina ahadi. Bima ilikuwa ya Masizi, imetokana na kazi yake. Miaka yote kadi ilitosha. Kuanzia mwezi huu kadi haikutosha, ilitakiwa alama ya kidole cha mwenye kazi, ifanane na ile aliyoiweka kwa wino mwaka alioajiriwa.

"Leo nampitisha kwa jina langu," karani alisema kwa sauti ya chini. "Mwezi huu nimeshapitisha watatu. Huyu ni wa nne, na wa tano nitaitwa nijieleze. Alhamisi usinitegemee."

"Nifanye nini sasa?"

"Pumzisha mikono. Wiki tatu, ngozi inarudi. Wapasua kokoto wanarudi hapa, wafua nguo wanarudi, na mashine inawasoma."

"Nikipumzika wiki tatu, kazi inapata mtu. Na bima inaondoka na kazi."

Karani alivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Basi lete barua ya mwajiri, yenye muhuri. Ipo fomu ya msamaha. Inakubali sababu mbili tu: ulemavu wa kuzaliwa, au kazi. Barua iseme kazi ndiyo iliyofuta alama. Neno hilo moja tu, baba. Kazi."

*

Jina la Masizi alipewa na mchomaji nyama wa kwanza wa mgahawa alioajiriwa, marehemu sasa, na lilimkaa mpaka likaandikwa kwenye orodha ya zamu. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyelitunza jiko.

Lilikuwa jiko la mkaa lenye urefu wa hatua saba, la chuma kizito, limesimama uani chini ya paa la bati, na juu yake nyavu nne za nondo nyembamba, kila moja mzigo wa watu wawili. Masizi alizibeba peke yake. Watu hudhani jiko hujisafisha kwa moto. Jiko lisilotunzwa hufa kama mtu: huanza kuziba, halafu huoza chini ambako hakuna anayetazama. Majivu yakilala ndani hunyonya unyevu, na majivu yenye unyevu hula chuma kuliko mvua. Matundu ya hewa yakizibwa na mafuta, mkaa unatoa moshi, nyama inakuwa chungu. Mafuta yaliyoganda kwenye trei ya chini yakishika moto, unachoma paa.

Kwa hiyo kila siku, baada ya wateja wa mchana na kabla ya wale wa jioni, Masizi alikuwa na saa moja na nusu. Alikomba makaa, akazoa majivu, akazibua matundu kwa waya, akakwangua nyavu zingali na joto. Ndiyo siri yake: mafuta hutoka yakiwa moto. Yakipoa yanakuwa lami. Na chuma cha moto hakimwagiwi maji, kinapinda. Alitumia mkono, brashi ya waya, na ile soda kali ya kutengenezea sabuni, kostiki, iliyokorogwa kwenye ndoo. Mwisho, kipande cha mafuta ya nyama kilisuguliwa kwenye nondo kwa vidole, nondo kwa nondo, zisishike kutu.

Glovu alipewa mwaka wa kwanza. Ziliyeyuka mwezi wa pili. Alipoomba nyingine aliambiwa aeleze alivyoziharibu za kwanza.

*

"Mimi nilijua nimeolewa na mtu asiye na mawaa," mkewe alisema jioni ile ya Jumatatu. "Kumbe hana hata mistari."

Alikuwa amelala ubavu kitandani, amechoka kama kawaida ya siku ya kuoshwa, lakini uvimbe wa uso umepungua na sauti imerudi. Alichukua mkono wa kushoto wa mumewe, akapaka kidole kidogo mafuta ya mgando, akakizungushia kitambaa alichochana kwenye kanga ya zamani, akafunga fundo.

"Hiki kimoja," akasema. "Hivyo tisa wape wao. Hiki usiwape."

"Nitakwanguaje na kidole kimesimama kama bendera?"

"Kwani huwezi? Watu wazito hunywa chai hivyo hivyo."

Alicheka, kisha akakohoa, na Masizi alisubiri kikohozi kiishe. Kilichukua muda.

Jumanne alifanya kazi na vidole tisa. Mchomaji, kijana mpana mwenye aproni iliyokatwa kwenye gunia, alimtazama akikwangua huku kidole kimeinuliwa, akaacha kunoa kisu.

"Mzee Masizi, umechumbiwa?"

"Namtunzia mke wangu."

Masizi alipomweleza, mchomaji alivishika vile vidole vingine, akavikagua, akapiga mluzi. "Ningekuwa navyo mimi, ningevunja benki leo leo. Polisi wangekuja, wakakuta jasho tu."

"Waibie wewe. Mimi niazime vyako hadi Alhamisi."

"Chukua," mchomaji akasema, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha polepole, maana aliona Masizi hacheki. "Nenda kwa Meneja, mzee. Barua ni kitu gani? Ni dakika mbili."

*

Meneja alikuwa na umri wa kuwa mtoto wa Masizi, na alimwita mzee wangu. Ofisi yake ilikuwa na feni iliyoelekezwa kwake peke yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa.

"Pole sana, mzee wangu. Mama tumwombee. Sasa, unataka niandike kwamba mgahawa umekuchuna vidole?"

"Niandikie ukweli tu, bwana. Kwamba ni kazi."

"Ukweli." Meneja alilirudia neno kama mtu anayeonja mchuzi. "Nikiandika kazi imekuumiza, nitaulizwa: glovu ziko wapi? Nani alimpa kostiki? Halafu nitaambiwa, mtu aliyeumia kazini anafanya nini bado kazini? Itabidi nikusimamishe. Ndivyo sheria inavyotaka, si mimi. Unataka nikusimamishe?"

"Hapana."

"Umeona? Mimi nakulinda, wewe hujui." Alisogeza kalamu iliyokuwa imekaa sawa. "Kesho saa tano wanakuja wakaguzi wa afya. Wakilikuta jiko lile lina mafuta, wanafunga mlango, na hapo wewe, mimi, mchomaji, wote tunarudi nyumbani kuhesabu boriti. Nataka nyavu zing'ae. Usilete mambo ya saa moja na nusu, anza alfajiri, ongeza dawa mara mbili. Wakiondoka wameridhika, barua yako iko mezani."

"Itasema kazi?"

"Itakuwa na muhuri, mzee wangu. Nenda."

*

Jumatano saa kumi na moja alfajiri Masizi aliwasha mkaa kidogo chini ya nyavu ili mafuta yalainike. Alikoroga kostiki mara mbili ya kipimo. Ndoo ilipata joto yenyewe na kutoa mvuke unaokaba koo. Alivaa mfuko wa nailoni juu ya kitambaa cha mkewe, akaukaza kwa mpira. Kisha akaanza.

Alimaliza wavu wa kwanza. Akamaliza wa pili. Jua lilipofika kwenye bati alikuwa kwenye wa tatu, na mikono tayari ilikuwa haimwambii kitu. Mchomaji alifika, akakuta uani kumeenea harufu ya sabuni na chuma, akashika brashi amsaidie, lakini Meneja akamwita ndani akamwambia kila mtu na kazi yake.

Wavu wa nne ulikuwa umesimamishwa juu ya mapipa mawili, umelowa dawa. Saa nne na nusu pipa moja liliteleza. Masizi hakufikiri. Mtu aliyetunza kitu miaka kumi na tisa hakiachi kianguke. Aliudaka kwa mikono yote miwili, mzigo wa watu wawili, na mpira kwenye kidole ukakatika.

Kostiki haichomi mara moja. Kwanza huteleza, kama sabuni, unaona mikono imekuwa laini. Aliiona nailoni ikining'inia. Aliona kitambaa cha kanga kimebadilika rangi. Alikuwa anakwenda bombani Meneja alipotokea mlangoni na kunong'ona kwa nguvu.

"Wamefika! Pandisha wavu! Halafu toka hapo, usionekane na hizo nguo!"

Masizi aliupandisha wavu. Akafuta ukingo. Akaingia nyuma ya kibanda cha mkaa na kuchuchumaa kati ya magunia, kitambaa kimemganda kidoleni, na bomba lilikuwa ng'ambo ya uani, hatua kumi na mbili.

Wakaguzi walikuwa wawili. Aliona viatu vyao kupitia upenyo. Mmoja alipitisha kidole kwenye nondo, akakitazama.

"Jiko la miaka mingapi hili?"

"Ishirini, mheshimiwa," Meneja akasema.

"Ishirini! Mnalitunzaje?"

"Tunafuata utaratibu tu, mheshimiwa."

Walisimama pale. Waliongea habari za mkaa, wakasifu, wakaulizia nyama ya begani. Kidole kilianza kuwaka. Masizi alikitia mdomoni, akatema, akakifukia kwenye jasho la kwapa. Hakutoka. Barua ilikuwa mezani.

Viatu vilipoondoka alikimbia bombani. Kitambaa kilitoka na ngozi. Chini yake kidole kilikuwa cheupe, laini kabisa, kizuri, kama cha mtoto ambaye hajazaliwa.

*

Barua ilikuwa imechapwa kwenye karatasi yenye nembo. Masizi aliishia darasa la nne, husoma polepole kwa kusogeza midomo, na Meneja alimwacha asome. Alifika mstari wa tatu akarudi nyuma, akasoma tena.

"Hapa pameandikwa *shughuli zake binafsi nje ya mgahawa*."

"Ndiyo."

"Mimi sina shughuli nje ya mgahawa, bwana. Nikitoka hapa nalala."

"Tufunike kombe, mzee wangu. Karani hasomi maneno, anaangalia muhuri. Muhuri huo hapo, mkubwa. Unataka nini zaidi?" Alifungua kisanduku cha wino. "Weka dole hapo chini."

"Naweza kusaini."

"Wanasheria wanataka dole. Saini watu wanaikana."

Mashine ya hospitali ingefunguliwa kesho yake saa mbili asubuhi. Ilikuwa imebaki usiku mmoja. Masizi alibonyeza gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi mbili. Palibaki doa la bluu, mviringo, tupu, bila mstari hata mmoja ndani yake. Kama tone la rangi lililodondoka.

Meneja alilipuliza likauke. "Safi kabisa," akasema, akaiweka nakala moja kwenye faili, na faili kwenye kabati, na kabati akalifunga.

*

Alhamisi mkewe hakuweza kutembea kutoka geti la hospitali. Mchomaji aliomba ruhusa ya nusu saa, akamsaidia Masizi kumbeba kwenye kiti cha plastiki mpaka kwenye benchi la bima, akaondoka mbio kwenda kuwasha mkaa. Uso wa mkewe ulikuwa umejaa na macho yamekuwa madogo. Alipumua akiwa ameketi wima, mdomo wazi.

"Kidole kipo?" aliuliza.

"Barua ipo," Masizi akasema. Mkono wa kushoto aliuweka mfukoni.

Karani aliisoma barua. Akavaa miwani vizuri, akaisoma mara ya pili.

"Baba, umeisoma hii?"

"Nimeisoma."

"Na hili dole ni lako?"

"Ni langu."

"Nilikwambia neno moja tu." Aliiweka barua juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja ingawa haikuwa na mkunjo. "Hii inasema si kazi. Na wewe umekubali. Sasa hata ukiniletea mashahidi ishirini, nitaambiwa mwenyewe alikana kwa dole lake."

Masizi aliinama dirishani. "Dada, litazame hilo dole. Halina mstari. Wataonyeshaje kuwa ni la kwangu?"

Karani aliligusa doa la bluu kwa ncha ya kalamu.

"Karatasi haina mashine, baba," akasema.

Nyuma mtu akapaza sauti, tusaidiwe jamani, wengine tuna wagonjwa. Mkewe Masizi aligeuza kichwa kumtafuta aliyesema, kana kwamba alitaka kumwomba radhi, lakini pumzi haikutosha.

"Njoo tujaribu kile kidogo," karani akasema. "Kile cha arobaini na moja. Leo kikinipa hata hamsini na tano, nitapiga simu juu."

Masizi alitoa mkono mfukoni. Karani alikiona kidole. Alichukua pamba, akaiacha. Masizi alikilaza kwenye kioo kwa uangalifu. Taa haikuwaka njano. Haikuwaka nyekundu. Haikuwaka kabisa.

"Haijui kama umeweka kitu," karani alisema. Alivuta kibodi. "Lazima nivijaze vyote kumi, ndiyo fomu ifungwe. Kila kidole kina sehemu ya sababu. Niambie tu, niandike."

"Gumba la kulia ni brashi," Masizi akasema. "Naliegemeza kwenye mpini wa brashi."

Kazi ilikuwa imeshakanwa kwa dole, na karani kwenye sehemu ya sababu aliandika: *hakuna*.

"Shahada ya kulia, waya wa kuzibulia matundu. Cha kati, nondo za moto. Cha pete, nondo. Kidogo, nondo."

Hakuna. Hakuna. Hakuna. Hakuna.

"Mkono wa kushoto, gumba ni majivu. Yana ukali wake, majivu. Shahada ni mafuta ya kupaka. Cha kati na cha pete, kostiki."

Hakuna mara nne.

"Na hiki?"

Masizi alikitazama. "Hiki nilikuwa namtunzia mke wangu."

Karani aliandika hakuna, akabonyeza, mashine ikatoa karatasi nyembamba yenye mistari kumi, akampa. Simu ya Masizi ilikuwa inatetemeka mfukoni. Ilikuwa namba ya ofisi ya mgahawa. Mlinzi alikuja akasema benchi ni la wanaohudumiwa, wengine wasogee nje. Masizi alipiga magoti, akazichukua ndara za mkewe mkono mmoja, akajaribu kumvisha, hazikuingia, akazitia kwapani.

Vidole kumi. Miaka kumi na tisa. Siku moja ya kuoshwa damu, ya Alhamisi, imesharukwa. Iliyofuata ilikuwa Jumatatu, na mkewe alikuwa ameshaanza kupumua kwa mabega.